Kakao, panya wa Barcelona na damu ya mama mdogo

Wadau, hapa Upanga ukiwa na mgonjwa nyumbani, kila mgeni ni daktari. Mama mdogo yuko kwenye tiba ya saratani. Mwezi uliopita dripu yake iliahirishwa kwa sababu chembechembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka mno. Haikupita siku mbili, jirani akatuletea mikebe mitatu ya unga wa kakao kutoka Kariakoo. Eti wazungu wamegundua kwamba inapandisha chembe nyeupe!

Kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikaanza kusaka huo utafiti. Kitu kinachosifiwa kwenye kakao kinaitwa theobromini. Ni ndugu wa kafeini, kimefahamika tangu 1841, na ndicho kinachofanya chokoleti iwe sumu kwa mbwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona wamewalisha panya kakao kwa miaka mingi. Mwaka 2018 walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba theobromini ndiyo iliyofanya kingamwili za panya hao zishuke. Zishuke, jamani, siyo zipande! Na hao walikuwa panya wazima wa afya, siyo binadamu aliyetoka kwenye dripu. Kutoka hapo mpaka "kakao inapandisha chembe nyeupe" kuna safari ndefu kuliko Dar hadi Kyela, kwa wakulima wetu wa kakao.

Tena tusichanganye mambo. Waafrika wengi tuna chembe nyeupe chache kuliko vitabu vya Ulaya na Marekani vinavyosema, na hatuumwi chochote. Chanzo ni kurithi: chembe nyekundu za wengi wetu hazina alama iitwayo Duffy. Kukosa alama hiyo kunatukinga na aina moja ya malaria, vivax, na mwaka 2009 wanasayansi walionyesha kwamba ndiko pia kunakopunguza chembe nyeupe kwenye damu. Ndiyo maana ni muhimu kuwa na viwango vyetu wenyewe vya maabara, kama vile vya watu wazima wenye afya vilivyopimwa Mbeya na kuchapishwa 2008.

Hali ya mama mdogo ni nyingine kabisa. Dawa za saratani hupiga uboho wa mifupa, kiwanda chenyewe cha damu. Mara nyingi chembe hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, halafu hupanda zenyewe. Zikichelewa, daktari anaweza kuahirisha au kupunguza dozi, au kuandika sindano ya filgrastim inayouchochea uboho. Kikombe cha kakao hakifanyi kazi hiyo.

Simkatazi mtu kunywa kakao. Mama mdogo anaipenda, na siku ambazo chakula hakipiti, kikombe chenye maziwa ni nafuu. Ninachoogopa ni mgonjwa kupata homa usiku, ndugu wakamkorogea kakao na kungoja asubuhi. Mtu wa dripu akifika nyuzi 38, hiyo ni dharura: hospitali saa hiyo hiyo, hakuna kumeza panadol na kulala.

Kwa hiyo wadau, mkienda kumwona mgonjwa wa saratani, nunueni kipimajoto. Kakao ifuate baadaye.