Siku Tatu Kilwa, na Deni la Mwalimu wa Madrasa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia afya na nauli, tukasafiri na ahali zetu hadi Kilwa katika likizo ya Juni. Tulikwenda na mama watoto, binti yetu wa miaka saba na kijana wetu wa miaka kumi na mmoja. Siku mbili tulizitenga kwa miji ya kale ya visiwani, na siku ya tatu kwa milima ya Matumbi.

Yatupasa tueleze kwanza mzigo tuliosafiri nao. Sisi ni katibu wa kamati ya msikiti. Miezi mitano kabla ya safari, kamati yetu ilichukua fedha za madrasa, ambazo wazazi walizitoa kwa ajili ya posho ya mwalimu, ikaziingiza katika ujenzi wa mnara. Muhtasari tuliuandika kwa mkono wetu, na mwisho wake tukatia neno moja: zitarejeshwa. Hazikurejeshwa. Mwalimu alivumilia miezi minne, kisha akaacha kuja, asimlaumu mtu. Kijana wetu alikuwa hajamaliza Juzuu Amma.

Siku ya kwanza tulichukua kibali Kilwa Masoko, tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Tuliuingia Msikiti Mkuu, uliopanuliwa katika karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, tukatembea chini ya makuba yake na kati ya nguzo zake. Kisha tukapanda hadi Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya jabali la bahari, lenye birika la pembe nane. Hapo tukawakalisha watoto kivulini, tukawasimulia habari za Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331. Yeye ndiye aliyeandika kuwa sultani huyo alikuwa akitenga fungu la tano la ngawira na kuligawa katika njia zilizoamrishwa na Qur'ani, na kwamba fungu la jamaa wa Mtume (S.A.W.) aliliweka katika hazina ya peke yake, ili masharifu wanapomjia awape haki yao. Aliandika pia kuwa baada ya sala ya Ijumaa fakiri mmoja wa Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akampa.

Binti yetu alicheka sana kusikia habari ya nguo. Sisi tulinyamaza, kwa kuwa fikra zetu zilikuwa zimebaki kwenye ile hazina ya peke yake.

Siku ya pili tulikwenda Songo Mnara. Nahodha alitutaka tuondoke mapema, kwa kuwa maji yakipwa, mashua haikaribii nchi kavu. Tuliteremka maji yakitufika magotini, tukapita katikati ya mikoko, mara tukawa mbele ya kuta za matumbawe na chokaa. Mji huu ulistawi kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi karne ya 16. Zimesalia nyumba nyingi za mawe zenye vishubaka ukutani, misikiti kadhaa, na makaburi katika uwanja wa katikati ya mji. Pamoja na Kilwa Kisiwani, Songo Mnara iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na baada ya kazi ya ukarabati ikaondolewa humo mwaka 2014.

Kijana wetu alizunguka huku na huko, kisha akamwuliza mzee aliyetuongoza, "Babu, mnara wenyewe uko wapi?"

Mzee akatabasamu. "Mjukuu wangu, limebaki jina. Mimi tangu kuzaliwa kwangu sijauona."

Mtoto akatugeukia. "Baba, na wa kwetu ukiisha, mwalimu atarudi?"

Mama watoto alitutazama, asiseme neno. Sisi nasi hatukuwa na jibu. Tulitia udhu kwa maji ya dumu tuliloletewa na nahodha, tukasimama mbele ya mihrabu inayoelekea kaskazini, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Tuliporudi mashuani, maji yalikuwa yamekwisha jaa.

Siku ya tatu tulipita Nangurukuru, tukashika njia ya Kipatimu. Katika milima hii ya Matumbi ndiko watu walikong'oa pamba ya Wajerumani Julai 1905, na Vita vya Majimaji vikaanza. Tulitembea kwa miguu, tukiteremka makorongo na kupanda vilima, binti yetu akibebwa kwa zamu, hadi pango la Nang'oma. Wenyeji husimulia kuwa wazee wao walijificha humo wakati wa vita, pamoja na wanawake na watoto. Tuliwasha tochi, popo wakaruka juu ya vichwa vyetu. Mama watoto akasema, "Waliokimbilia humu hawakubeba mali. Walibeba watoto." Hakuongeza neno, wala haikuhitajika.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, tuliandika barua kwa kamati. Tulikiri kuwa fedha za wazazi zilikuwa amana, kwamba haikuwa halali kuzihamisha bila ya idhini yao, na kwamba kalamu iliyoandika muhtasari ilikuwa yetu. Tuliomba ujenzi usimame mpaka deni lilipwe.

Kikao kilikuwa kigumu. Wako waliotuona tumeusaliti mnara. Hatimaye ilikubaliwa kulipa posho ya miezi miwili, iliyobaki ilipwe kila mwezi, na fedha za madrasa zifunguliwe daftari lake. Tulikwenda nyumbani kwa mwalimu na kijana wetu, tukamwomba radhi mbele yake. Alipokea fedha, akahesabu, akasema atafikiri kuhusu kurudi.

Ndugu msomaji, ukijaaliwa, wapeleke watoto wako Kilwa. Chukua maji ya kutosha, viatu madhubuti na tochi, na umwulize nahodha saa ya maji. Hadi tunaandika haya mnara wetu umesimama nusu, na kijana wetu anasoma Juzuu Amma kwa mama yake, akimngoja mwalimu.