Maji ya Jiwe

Asubuhi za utotoni Matungu, magharibi mwa Kenya, zilianzia bondeni penye chemchemi, madebe kichwani na kata ya kibuyu mkononi, umande ukitulowesha magoti, na maji tuliyoyateka kabla ng'ombe hawajafika yalikuwa baridi ya kuuma meno, mepesi mdomoni, hata sabuni ya kipande ikiguswa kidogo tu ilijaza karai povu. Kukhu, bibi yetu, aliyaita maji ya jiwe. Alisema kweli.

Kwetu tumekalia granaiti. Mvua ikipita udongoni hubeba hewa ya ukaa ya mizizi na majani yaliyooza, ikawa asidi hafifu, kisha ikalila jiwe miaka nenda miaka rudi, jiwe likilainika kuwa udongo wa mfinyanzi huku silika na sodiamu vikienda na maji. Granaiti ni bahili wa chokaa, na chokaa huzuia povu la sabuni. Ndiyo siri ya lile povu.

Kisha mwaka 1981 ukaanza mradi wa KEFINCO, Kenya na Ufini zikishirikiana, na pampu za mkono zikaenea Magharibi. Tukapanga foleni tukicheka, ingawa ndoo ya kwanza ya alfajiri ilitoka na rangi ya kutu, kwa kuwa maji yenye asidi yakilala ndani ya bomba la chuma hulila, na chai yake ikawa nyeusi kama wino. Ndoo hiyo tuliimwaga, tukanywa ya pili. Kuhara kukapungua nyumbani.

Leo kisima kiko uani. Choo nacho kiko uani.

Miwa, iliyoshamiri tangu kiwanda cha Mumias kianze kusaga mwaka 1973, ndiyo iliyonilipia karo, nami niliitilia yurea kwa mikono hii, chembe nyeupe zikiniwasha vidole, nisijue kwamba kinachosazwa na mizizi hugeuka nitrati na kuteremka na mvua hadi kwenye maji ya chini, kunakofikia pia maji ya vyoo vyetu. Nitrati haina rangi wala harufu. Ukichemsha haitoki, inakolea tu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo, kwani ikizidi damu yao hushindwa kubeba oksijeni.

Juzi nilihesabu hatua kutoka kisimani hadi chooni. Kumi na nane, na choo kiko upande wa juu.

Kukhu hakuwahi kusikia neno nitrati, lakini hakuna aliyethubutu kufunga ng'ombe wala kwenda haja juu ya chemchemi. Aliyekamatwa alifyeka njia nzima ya bondeni, jua likimchoma, wenzake wakimtazama.

Nimejaza chupa maji ya kisima, nimeiandika tarehe. Jumatatu naipeleka Kakamega yakapimwe. Nimeyaonja. Ni matamu, kama yale ya bondeni.