Kahawa ya Bole, Chai ya Angani

Kila ninayemsikia akilalamikia chakula cha ndege hutupia lawama urefu wa angani. Nimesafiri na mama kutoka Dar es Salaam hadi London kupitia Addis Ababa, na kwa nilivyomwona akila na kunywa njia nzima, maelezo hayo hayanitoshi.

Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mama ni mtu wa Tanga, amezoea upepo wa pwani, na pale pumzi ilimpungua kidogo. Ila alipomwona dada aliyeketi kwenye kigoda mbele ya jebena, lile birika jeusi la udongo lenye shingo nyembamba, uchovu wote ukamtoka. Ubani ulikuwa ukifuka pembeni, na bisi zimewekwa mahali ambapo kwetu pangekaa kashata. Mama akanusa kikombe kwanza, akapiga funda dogo. “Haina tangawizi, lakini imeiva,” akaniambia.

Kwetu kahawa chungu hutembezwa. Muuzaji hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe, na wanaume huinywa kijiweni wakizungumza siasa na mpira. Mama amesikia mlio wa vikombe hivyo tangu utotoni, lakini hajawahi kuketi kijiweni. Bole mwanamke ndiye aliyekuwa akimimina, na wanawake wengine walikuwa wameketi wakinywa bila haraka. Desturi ya Ethiopia ni mikupuo mitatu: kahawa ileile huongezwa maji ikachemshwa tena, na kila mkupuo huwa mwepesi kuliko uliotangulia. Mama alikunywa yote mitatu. Nilifurahi kumwona amejiachia vile, mgongo ameuegemeza kitini, hana mtu wa kumhudumia.

Sasa ndege. Tuliyopanda ilikuwa Boeing 787, ambayo hewa ya ndani yake hubanwa ili mwili usihisi zaidi ya urefu wa mita 1,800 hivi. Ndege nyingi za zamani hufika 2,400. Kwa hiyo tulipopaa kutoka Addis, ndege ilikuwa inapanda huku miili yetu, kwa kipimo cha hewa, ikishuka. Kama urefu peke yake ungeharibu ladha, wakazi wa Addis wasingejua utamu wa chakula chao, na maji yao huchemka kwenye nyuzi 92 tu.

Ninavyoona mimi, wakosaji wakubwa ni ukavu na kelele. Unyevu wa hewa ndani ya ndege mara nyingi huwa chini ya asilimia 20. Pua hukauka, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu. Mnamo 2010, watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, waliwalisha watu ndani ya kipande cha ndege kilichowekwa kwenye chumba cha kupunguzia shinikizo la hewa, wakaona kwamba chumvi na sukari hufifia. Nyanya haikufifia kiasi hicho.

Mama hakusoma utafiti huo. Alikunywa maji kwanza, akasubiri kidogo, ndipo akafunua trei yake: wali, na kuku wa mchuzi mzito wa nyanya. Kutoka kwenye mkoba akatoa ndimu aliyoifunga kwenye leso, akaikata kwa kisu cha plastiki kwa taabu, akakamulia juu ya kuku nusu yake, nusu nyingine akanipa. Tulikula tukamaliza. Chai aliionja mara moja tu, akasema hayo ni maji yaliyopitiwa na chai, akaomba juisi ya nyanya. Nyumbani hainywi kabisa; kwake nyanya ni ya mchuzi. Mle ndani aliitia pilipili manga, akaomba gilasi ya pili.

London tulifikia kwa dada yangu. Hapo chai ilitengenezwa kama ya nyumbani, ya rangi, yenye iliki na mdalasini, maji yakichemka barabara. Bado juu ya kikombe ukatanda utando wa kahawia, ukakatika vipandevipande mama alipopitisha kijiko. Maji mengi ya London yana chokaa, kwa sababu hupita kwenye miamba ya chaki, na chokaa hiyo ikikutana na majani ya chai hufanya utando. Mama akauliza kama kuna limau. Dada akatoa moja kwenye jokofu, mama akakamulia matone machache, na utando ukayeyuka mbele ya macho yetu. Miaka yote hiyo dada alikuwa akibadilisha majani ya chai, duka hadi duka.