Waya wa Mjomba

Tororo iliwahi kuingia katika vitabu vya rekodi za dunia kwa jambo ambalo wenyeji hawajivunii: ngurumo. Kati ya 1967 na 1976 mji huo ulipata, kwa wastani, siku 251 za ngurumo kila mwaka. Toa hizo kwenye 365 uone zinazobaki za kupumua. Sasa mwambie mtu mwenye akili timamu kwamba huko huko yuko mzee aliyetandaza waya hatua sitini, kutoka mti hadi mti mpaka dirishani kwake, ili asikilize redio. Atakuuliza mzee huyo amerogwa na nani.

Mzee huyo ni mjomba wangu. Mama alizaliwa upande wa Tororo akaolewa Busia ya Kenya, na likizo zangu za shule nilizimalizia ujombani, nusu yake nikiwa juu ya miti.

Waya ule ulianza wakati wa Idi Amin. Redio ya Kampala ilisema ilichoamriwa kusema, na mtu wa mpakani ana haja ya kujua mambo mapema kuliko wengine. Vita vya Kagera vilipolipuka mwishoni mwa 1978, na hata waasi walipoishambulia kambi ya jeshi ya Tororo Machi 1979, mjomba alikuwa akisikiliza Dar es Salaam, Nairobi na London kwa zamu, sauti chini, mlango umefungwa. BBC ilikuwa na Kiswahili tangu 1957, Peking tangu 1961, Ujerumani tangu 1963. Antena fupi ya kuvuta iliyokuja na redio ilizikamata vipande vipande. Waya ulizileta nzima. Habari iliyosemwa na watatu aliiamini. Ya mmoja aliilaza kwanza.

Hayo ya vita amenisimulia. Niliyoyaona mwenyewe ni kazi, maana waya unaopita mitini hauachi kudai.

Upande mmoja ulishikwa na mvule, mti wa kiburi, hautikisiki kwa upepo mdogo. Upande wa pili ulikuwa mkaratusi, nao kazi yake ni kuyumba. Ukiufunga waya kwa kuukaza kati ya miti miwili ya tabia hizo, utaukuta chini baada ya dhoruba ya kwanza. Kwa hiyo kwenye mvule ulifungwa moja kwa moja, ila kwenye mkaratusi kamba yake ilipita juu ya kapi na kushuka hadi usawa wa kifua, ikining'iniza debe lenye mawe. Upepo ukija, debe linapanda, ukitulia, linashuka. Waya haujui kama kuna ugomvi juu.

Nimeufikiria utaratibu huo mara nyingi kuhusu ukoo wetu, ambao mpaka umeupasua katikati. Mama na mjomba waliwahi kununiana muda mrefu kwa ajili ya ng'ombe wa mahari waliochelewa. Hawakukatana. Waliacha salamu zikipita kwa watoto, na sisi tukawa tunapanda na kushuka kati yao kama lile debe. Machi 2020, korona ilipofunga mpaka na mtu wa Busia asiweze kumzika jirani yake wa ng'ambo, uzi ule wa watoto na simu ndio uliobaki kati ya nyumba zetu. Ndugu waliozoea kukazana kwa kila deni na kila neno hawakuwa na cha kulegeza.

Kuna jambo jingine ambalo mti hufanya polepole, na ndilo linalowashinda wengi. Ukiuzungushia mti waya au kamba nyembamba, unaumeza. Gome linavimba juu na chini ya kamba, miaka inapita, na siku moja huoni tena ulipofunga. Mti umejeruhika na kamba imeoza ndani yake. Mjomba alitumia utepe mpana wa tyubu ya baiskeli, na kila mwaka aliulegeza hata kama haukuonekana kubana. Alinifundisha pia jambo ambalo bado watu wananibishia: mti hurefuka kwa ncha. Tawi lililo juu ya kichwa chako leo litabaki pale pale mtoto wako akiwa mzee, litanenepa tu. Basi hakuna haja ya kuuogopa mti kwamba utauchukua waya mbinguni. Uogope unene wake.

Kufikisha kamba juu kulikuwa starehe yetu. Nati nzito ilifungwa kwenye mshipi wa kuvulia, ikarushwa kwa manati juu ya tawi, kisha mshipi ukavuta kamba nyembamba, nayo ikavuta nene. Ncha za waya zilitengwa na mti kwa vipande vya bomba la plastiki, kwa sababu jani bichi lenye maji huiba mawimbi. Waya wenyewe ulikuwa wa shaba mpaka wezi wa vyuma chakavu walipoujua. Mjomba akaweka wa uzio, wa chuma chenye zinki. Kwa kupokea tu, masikio hayaoni tofauti, na wezi hawakurudi.

Juu ya radi hakuwa na mzaha. Nje ya dirisha waya uliishia kwenye kibano. Saa nane mchana, mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, kibano kilitolewa redioni na kuhamishiwa kwenye nondo iliyopigwa ardhini, pale maji ya bafu yanapomwagika, kwani udongo mbichi hupitisha umeme vizuri. Hakudai kwamba nondo ile ingeizuia radi ikiamua kupiga waya. Ilikuwa ya kumwaga umeme mdogo mdogo, na kuiweka redio mbali na njia yake. Wajomba wengine walimsihi aache mechi iishe. Hakuacha. Uganda inajua gharama: Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, wakiwa darasani. Kuna saa za kusikiliza ulimwengu, na kuna saa za kukata.

Hata mbingu ikiwa safi Tororo, mikwaruzo haiishi. Radi inayopiga mbali sana, magharibi kwenye misitu ya Kongo, inafika redioni kama mtu anayevunja vijiti. Inaumiza zaidi kwenye masafa ya chini, mita 60 na 90, na kupungua ukipanda kuelekea mita 31 na 25. Siku hizi kuna mikwaruzo mipya ya taa za bei rahisi, vifaa vya sola na chaja za simu. Mjomba huzunguka uani na redio ndogo ya betri mkononi akiinusa. Mara nyingi anaikuta chini ya kitanda cha mjukuu.

Somo lililonichukua muda mrefu kulikubali lilikuja jirani alipouza mikaratusi yake kuwa nguzo za umeme, ukiwamo ule wenye kapi. Mimi nilitaka tutafute mti mwingine mrefu. Mjomba akaushusha waya hadi mita tatu, kimo cha mwanamke aliyebeba kuni kupita bila kuinama, akaupitisha kwenye migrevilea ya mpaka wa shamba. Stesheni zilishuka sauti. Lakini mikwaruzo nayo ilishuka, karibu kwa kiasi kile kile, na kitufe cha sauti kikafidia. Anayerusha matangazo anahitaji kimo na nguvu. Anayepokea anahitaji tu sauti aitakayo izidi kelele zinazoizunguka. Desemba 1921, Mmarekani Paul Godley alikaa kwenye hema huko Ardrossan, Uskoti, na waya mrefu uliotandazwa juu ya miti mifupi ya kusimika, akawasikia waendesha redio wa ridhaa wa nchi yake kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Hadi leo wapenzi wa redio wa Lapland, kaskazini mwa Finland, hutandaza nyaya za urefu wa karibu kilomita msituni, nyingine zikipita chini kiasi cha kuguswa kwa mkono. Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba anayetaka kuelewa mengi hana budi kukaa juu.

Vijana wa ukoo humcheka na simu zao. Januari 2021, serikali ya Uganda ilipozima intaneti wakati wa uchaguzi, walio karibu na Busia walitafuta laini za Kenya, na waliobaki Tororo walijaa sebuleni kwa mjomba. Aliwapa viti bila neno, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Lakini stesheni zenyewe zinapungua. Mtambo wa Ujerumani uliokuwa Kigali ulifungwa 2015. Machi 2025, wafanyakazi wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima na matangazo mengi yakakatika. Mjomba alikaa jioni kadhaa kwenye masafa yale matupu, kisha akasogeza mshale kwa Wachina. Juzi amenipigia simu: tyubu imebana kwenye mvule na yeye hakwei tena. Anataka nije Desemba na kapi mpya la plastiki, kwa kuwa la chuma limeshika kutu, na mita thelathini za kamba. Tyubu nisinunue, fundi baiskeli atampa.