Usiku wa risasi Wajir na mama aliyekataa binti yake arithi uvungu

Milio ya bunduki ilianza usiku, karibu kabisa na nyumba. Dekha Ibrahim Abdi hakungoja kujua nani anampiga nani. Alimnyakua mtoto wake wa kwanza, wa kike, akajitupa naye uvunguni mwa kitanda. Walikaa humo saa kadhaa huku risasi zikipita. Ilikuwa katikati ya mwaka 1992, mjini Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya.

Kulipokucha alimsimulia mama yake. Mama akakumbuka usiku wake mwenyewe. Wakati wa vita vya Shifta, miaka ya 1960, naye aliwahi kujificha uvunguni vivyo hivyo, na mtoto aliyekuwa amemkumbatia alikuwa Dekha.

Jambo hilo ndilo lililomchoma. Vita vya mama yake vilikuwa vimemfikia yeye, na sasa vilikuwa vimeanza kwa binti yake. Akaamua kwamba mtoto huyo, akija kuwa mama, asiwe wa tatu kuingia uvunguni na mchanga kifuani.

Wajir ya mwaka huo ilikuwa taabani. Sheria za hali ya hatari zilizobana kaskazini mashariki tangu enzi za Shifta zilikuwa zimeondolewa mwaka 1991 tu. Mwaka huohuo serikali ya Somalia ikaanguka, na wakimbizi wakavuka mpaka, na bunduki pia. Ukame ukamaliza mifugo. Juu ya hayo, uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulikuwa unakaribia, na koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zilikuwa zikigombania malisho, visima na viti.

Ni rahisi kusimulia kana kwamba wanaume hupigana na wanawake hulia. Wajir haikuwa hivyo. Sokoni, wanawake wa ukoo mmoja walikuwa wakikataa kuuziana na wa ukoo mwingine. Wapo waliowachochea wanaume wao walipize kisasi. Ndiyo sababu mazungumzo ya kwanza yalikuwa magumu: akina mama walilazimika kwanza kuangalia midomo yao wenyewe.

Mazungumzo hayo yalianzia harusini. Pale walikuwepo wanawake wa koo mbalimbali, na Dekha na wenzake wachache wakaulizana wafanye nini. Hata dazeni moja hawakufika. Lakini walikuwa na kitu ambacho wazee wa koo hawakuwa nacho. Mwanamke wa Kisomali akiolewa haachi ukoo wa baba yake, ilhali watoto wake ni wa ukoo wa mumewe. Koo hizo mbili zikishikana, aliyeuawa anaweza kuwa kaka yake na aliyeua akawa shemeji. Huyo mama atakaa msiba wa upande gani?

Hawakuanza na mkataba. Walianza na soko. Lengo lao lilikuwa dogo na la wazi kwa kila mtu anayelisha familia: mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, aweze kuja sokoni, anunue na kuuza, na mtoto wake arudi salama nyumbani. Wakachagua waangalizi wa kukaa pale kila siku. Anayemzuia au kumdhulumu mwenzake kwa sababu ya ukoo alionekana na kuripotiwa, na kamati ya wanawake ilifika haraka kumaliza ugomvi kabla haujawa wa bunduki.

Soko likatulia, lakini nje ya mji watu waliendelea kuuana. Wanawake walijua kwamba bila wazee hawafiki mbali, na kwamba mzee wa ukoo mkubwa akisimama kuita amani, ukoo hasimu utahisi mtego. Wakamtafuta mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, ambaye hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwogopa. Yeye ndiye aliyewauliza wenzake wanapigania nini hasa na nani anayefaidika, wakati familia zao zinakwisha. (Ujanja huo hata mama mwenye watoto wanaogombana anaujua: ujumbe hupokelewa kulingana na anayeuleta.)

Kazi ikasambaa. Vijana wenye silaha walifuatwa na kuulizwa wanahitaji nini ili waziache, na jibu lilikuwa kazi, hivyo wafanyabiashara wakaingizwa katika juhudi hizo. Mwaka 1993 wazee wa koo walikubaliana Azimio la Al-Fatah, lililoweka masharti ya kusimamisha mapigano na kushughulikia mauaji na wizi wa mifugo. Kamati ya amani iliyotokana na juhudi hizo ikawa mfano ulioigwa katika maeneo mengine ya Kenya.

Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden. Wiki chache baadaye matokeo ya uchaguzi wa Desemba yaliitumbukiza Kenya katika umwagaji damu, naye akajiunga na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na wengine katika kundi la raia waliokutana kila asubuhi katika hoteli moja ya Nairobi, mlango ukiwa wazi kwa yeyote, kutafuta njia ya kuzima moto. Watu waliitwa kusema kinachotokea kwao na kinachoweza kufanywa siku hiyohiyo. Ilikuwa kama lile soko la Wajir, ila sasa nchi nzima ndiyo iliyokuwa ikiangaliwa.

Dekha alifariki Julai 2011 kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani. Alikuwa na miaka 46 au 47. Mwaka 2014 jamii za Garre na Degodia zilipigana tena mpakani mwa Wajir na Mandera, na familia nyingi zikakimbia nyumba zao na watoto mgongoni. Wapo waliorudi wakakuta mabati na vyungu tu. Kamati za amani zikaanza upya, kijiji kwa kijiji, kuwatafuta wazee wanaoweza kusikilizwa na pande zote mbili.