Bugarama: Sinia Moja, Washkaji Sita

Ukisikia wikiendi ya kutoka na mwenzako pamoja na marafiki, akili inakimbilia wapi? Bila shaka Zanzibar, Bagamoyo au ile migahawa ya Masaki yenye taa hafifu na bili ya kukuumiza kichwa. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, mpaka mume wangu aliponipeleka kwa washkaji zake Kanda ya Ziwa.

Bugarama ninayoisema si ile ya Rwanda. Hii ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu uliofunguliwa rasmi mwaka 2001. Unatoka Kahama mjini, unaelekea kaskazini, unapishana na ng'ombe na baiskeli zilizobeba mkaa. Ukianza kuona bodaboda zimejazana na wanaume waliovaa viatu vya mgodini, jua umekaribia.

Jumamosi jioni tulikaa wanandoa watatu kwenye meza moja ya plastiki, nje ya banda la nyama choma. Nikasubiri nipewe menyu. Wapi! Mwenyeji wetu aliita tu mhudumu, akaanza: nusu kilo ya mbuzi, mishikaki kumi, sato mmoja wa kukaanga, dagaa wakavu wenye pilipili, ndizi za kuchoma, kachumbari ya kutosha. Ziwa Victoria liko kama kilomita 55 tu kutoka mgodini, kwa hiyo samaki si jambo la ajabu. Vyote vikaja kidogo kidogo, vikawekwa katikati, na kila mtu akapewa kijiti.

Wahispania wana utaratibu kama huo, wanauita tapas: visahani vidogo vya kushirikiana huku mkipiga stori. Neno tapa kwao maana yake ni kifuniko. Lakini mume wangu akacheka, akasema babu yake alikuwa na mambo hayo zamani. Kwa Wasukuma kuna shikome, ule moto wa jioni ambapo wanaume na vijana walikaa wakila na kufundishwa maisha. Chakula kilitoka kwenye nyumba mbalimbali, na kilipofika pale hakuna aliyeuliza huu ugali wa nani.

Basi bwana, mke wa mshkaji wa tatu akafungua hotpoti. Ndani kulikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, imepikwa kwa karanga. Nakwambia, dakika kumi tu hotpoti likabaki jeupe. Mbuzi alikuwa bado yupo.

Sasa nikaharibu. Mhudumu alipokuja, nikaomba bili kwa sauti, nikatoa simu nikaanza kupiga hesabu: gawanya kwa sita, kila mtu kiasi fulani. Si ndivyo tunavyofanya Dar? Meza ikanyamaza. Mshkaji wa tatu akaangalia chini, mkewe akashika mfuniko wa hotpoti. Mwenyeji akaniokoa: "Shemeji, hapa ilishalipwa. Kula."

Tulipokwenda kunawa mikono, yule mama akanieleza taratibu, bila hasira. Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, miezi michache baadaye mgodi ukapunguza shughuli na watu wengi wakakosa kazi. Mumewe alikuwa mmoja wao. Enzi hizo kila mwanaume aliagiza sahani yake, na raundi za vinywaji zililipwa kwa zamu. Yeye hakuweza kukaa na soda moja huku wenzake wakila kuku mzima. Akaanza visingizio: nipo shamba, mtoto anaumwa. Wenzake wakadhani anaringa. Urafiki wa miaka ukakatika hivihivi, kwa sababu ya sahani.

Mwaka 2020 shughuli za Bulyanhulu zilianza kurudi, lakini yeye tayari alikuwa anachomelea mageti, na hakurudi mgodini. Aliyemrudisha mezani ni mwenyeji wetu, aliyebadilisha utaratibu. Kila mmoja humtumia mwenyeji anachoweza kwa simu kabla ya Jumamosi, na kiasi hakitajwi. Asiye na pesa huja na chakula. Kikishafika katikati ya meza ni cha wote.

Sikuwa na la kusema. Nilirudi nikakaa, nikachukua kijiti changu.

Na wewe je? Katika kundi lenu, kuna aliyeacha kutokea siku hizi? Kabla hujasema amebadilika, jiulize mara ya mwisho mlikula wapi na bili iligawanywa vipi. Halafu fanyeni hivi:

Changeni mapema, na anayekusanya awe mtu mmoja asiye na mdomo.

Agizeni kidogo kidogo. Vikiisha, ongezeni.

Anayekuja na hotpoti asifuwe kama aliyelipa mbuzi.

Na ninyi wapenzi, elewaneni nyumbani mtachangia kiasi gani, msije mkabishana mbele za watu.

Tulipoondoka, yule mama alinipa michembe mikavu kwenye mfuko. "Ukapike kwako, uite wenzako," akasema. Nikamjibu kwa Kisukuma changu cha kuombea maji: "Wabeja." Jumamosi ijayo nawaita. Wengine hatujaonana tangu mwaka juzi.