Ngoma Haikuwa Ugonjwa



Mwezi uliopita, sebuleni kwetu hapa Madinat Sultan Qaboos, tulisoma kwa sauti *Mashetani*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1971. Juma na Kitaru wanacheza chini ya mbuyu, mmoja shetani, mwingine binadamu. Mchezo unakwisha, lakini Kitaru anabaki na fadhaa, na wazazi wake wanamwona mgonjwa.

Mimi nilipewa kazi ya sauti. Kila Kitaru alipofadhaika nilipiga ngoma, polepole, kisha kwa kasi. Bibi akainua mkono.

"Mjukuu wangu, ngoma hiyo waipigia nini?"

"Ni wazimu wake, Bibi."

"Basi hukuujua. Wazimu haukuwa na ngoma."

Ndipo akatusimulia habari za dada yake, Unguja, kabla ya mwaka 1964. Miezi mizima hakunena. Jirani akitwanga kinu, yeye aliziba masikio. Kijiko kikianguka, alilia. Nyumba nzima ikatembea peku na kunong'ona. Kisha wazee wakaita ngoma ya pepo. Ukafukizwa ubani, wanawake wakaimba, naye akainuka, akacheza, akaomba maji.

"Hakupona siku ile," alisema Bibi. "Ila siku ile hakuwa peke yake."

Nilinyamaza kwa haya. Waigizaji wengi tumezoea kuipiga ngoma pale akili inapochafuka, ili watazamaji waogope. Kumbe Uswahilini, na hata hapa Omani katika zari, ngoma hupigwa ili watu wamzunguke mgonjwa. Jukwaani tumeifanya dawa kuwa ndwele.

Mwanangu, ambaye kwa mwaka mmoja sasa anatibiwa na daktari kwa ajili ya huzuni, alikuwa kimya pembeni. Sisemi ngoma yatosha badala ya daktari wake. Nilimwuliza angependa Kitaru asikie nini.

"Kiyoyozi," akajibu. "Usiku huvuma hata sisikii ninyi mnasema nini chumba cha pili."

Sikuwa nimelijua hilo, nami nalala chumba hicho cha pili.

Tuliirudia sehemu ile bila ngoma. Tulizima taa, tukaacha kiyoyozi kivume, na Kitaru akasomwa na mwanangu mwenyewe. Bibi alisogeza kiti karibu naye.

Enyi mliobaki Unguja, kama yupo aukumbukaye wimbo ulioimbwa siku ile, tafadhali tuandikieni. Bibi anakumbuka mapigo tu, maneno yamempotea.